Freddie Mercury: mtoto wa Mji Mkongwe aliyekulia safarini mpaka London

Katika Makumbusho ya Posta mjini London imehifadhiwa albamu moja ya stempu. Aliyeijaza alikuwa mtoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili hivi. Zimo stempu za Unguja na za nchi nyingi zilizokuwa chini ya Muingereza, na zimepangwa kwa maumbo yanayolingana kulia na kushoto, kazi ya mtoto mwenye jicho na subira. Mtoto huyo jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, muimbaji wa bendi ya Queen.

Vijana wetu hapa Ghuba wanazijua nyimbo zake, hata kama hawajui nani kaziimba. Lakini waambie kuwa mtu huyu alizaliwa Unguja, na kwamba aliondoka mwaka ule ule walioondoka wazee wetu wengi, na kwa sababu ile ile. Wengine watadhani unawatania. Maisha yake ya ukubwani yana mambo ambayo kila nyumba ina msimamo wake juu yake, na hayo yameshaandikwa sana. Leo tunaangalia utoto wake: namna alivyohamishwa mara tatu kabla hajafika miaka kumi na minane, na kitu gani kilimshika asipotee.

Mtoto wa keshia

Farrokh alizaliwa hospitali ya serikali mjini Unguja, siku ya Alkhamisi, tarehe 5 Septemba 1946. Wakati huo kiti kilikuwa cha Sultan Khalifa bin Harub, na nchi ilikuwa chini ya himaya ya Muingereza. Wazee wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, watu wa dini ya kale ya Uajemi ambao mababu zao walihamia Gujarati karne nyingi nyuma. Hata jina la ukoo, Bulsara, limetokana na mji wa Bulsar huko Gujarati. Kwa hiyo familia hii uhamiaji haukuwa mgeni kwao.

Bomi alikuwa keshia wa serikali katika Mahakama Kuu. Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa na maisha ya raha: nyumba Mji Mkongwe, yaya wa mtoto, bahari hatua chache. Mwaka 1952 akazaliwa dada yake, Kashmira. Farrokh akaanza skuli ya mamisionari hapo hapo mjini. Jioni baba yake alikuwa na mazoea yake, kukusanya stempu, na mtoto akayachukua kutoka kwake. Wanaoikumbuka Unguja ya zama zile watakumbuka pia jinsi stempu zilivyokuwa hazina ya watoto. Barua ya ami kutoka Maskati au ya mjomba kutoka Bombay ilikuwa haijasomwa, tayari kona ya bahasha ishakatwa.

Miaka minane, meli na Bara Hindi

Alipofika miaka minane, Bomi na Jer wakakata shauri la kumpeleka kusoma India, skuli ya dakhalia ya St Peter's, huko Panchgani, mji wa milimani si mbali na Poona. Wazazi wengi wa Kihindi wa Unguja waliokuwa na uwezo walifanya hivyo. Wengine wetu wana wazee waliopelekwa Cairo au Beirut kwa fikra ile ile: elimu kwanza, moyo utazoea.

Hebu mtazame mtoto huyo. Safari ya meli kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Bombay, kisha treni, kisha gari la kupandia mlimani. Mwisho wake ni ukumbi wenye vitanda kwa safu na watoto asiomjua hata mmoja. Likizo fupi hakuweza kurudi Unguja, akienda kwa bibi na babu na kwa shangazi yake Bombay. Kuwaona wazazi kulikuwa kwa nadra.

Na watoto ni watoto. Farrokh alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma, yakayasukuma ya mbele nje. Wenzake wakampa jina la utani kwa ajili ya meno hayo, na tabia ya kuziba mdomo kwa mkono anapocheka akaondoka nayo mpaka utu uzima. Ukubwani alikuwa na fedha za kuyatengeneza meno hayo mara mia, akakataa, akiogopa sauti yake itabadilika.

Lakini huko huko Panchgani ndiko alikopata jina jingine, Freddie, na hilo alilipenda. Hata nyumbani wakamwita hivyo.

Marafiki watano na piano moja

Kilichomuokoa kwanza ni michezo. Alikuwa hodari wa mpira wa meza, akawa bingwa wa skuli akiwa bado mdogo. Alipiga na ngumi pia, mpaka mama yake alipopata khabari na kumtaka aache. Alichora. Shangazi yake wa Bombay alikiona kipaji hicho akamtia moyo.

Halafu piano. Mkuu wa skuli aliona mtoto ana sikio la muziki, akawaandikia wazazi Unguja kuwashauri wamlipie masomo ya ziada. Bomi, kwa mshahara wa keshia, akakubali. Barua moja ya mwalimu na ada kidogo ya baba. Bila ya hivyo viwili, huenda leo tusingekuwa na khadithi ya kusimulia.

Mwaka 1958 hivi, wavulana watano wa dakhalia wakaunda bendi yao, wakaiita The Hectics: Bruce Murray, Derrick Branche, Farang Irani, Victory Rana na Freddie. Wakisikia nyimbo redioni, Freddie anakwenda kwenye piano na kuzipiga kwa kusikia tu. Na hapa pana jambo la kuchekesha: muimbaji hakuwa yeye. Aliyesimama mbele ni Bruce Murray, na mtu ambaye baadaye alishika uwanja mzima wa Wembley kwa sauti yake alikaa pembeni na kinanda chake.

Maisha yakawatawanya. Branche akawa mwigizaji Uingereza. Rana akarudi kwao Nepal, akapanda vyeo vya jeshi mpaka akaongoza askari wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Cyprus. Ukoo wao haukuwa mmoja na kwao hakukuwa kumoja. Waliunganishwa na kitu kimoja tu: wote walikuwa watoto mbali na mama zao.

Januari 1964

Masomo ya Panchgani hayakumalizika vizuri. Alama zikashuka, na mwaka 1963 Freddie akarudi Unguja, kijana wa miaka kumi na sita akikaribia kumi na saba. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni familia ilikaa pamoja chini ya paa moja. Tarehe 10 Disemba 1963 bendera ya Muingereza ikateremshwa, nchi ikapata uhuru chini ya Sultan Jamshid bin Abdullah.

Haukupita hata mwezi na nusu. Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa. Kila nyumba ina jina la mtu aliyeuawa, au nyumba iliyoachwa na funguo zake, au mama aliyepanda jahazi na watoto bila ya kujua linakwenda wapi. Sultan mwenyewe akaishia Uingereza, akakaa Portsmouth miaka zaidi ya hamsini, mpaka mwaka 2020 aliporuhusiwa kuja Oman.

Waarabu na Wahindi ndio waliolengwa zaidi, na Bomi Bulsara alikuwa Muhindi na tena mtumishi wa serikali ya Muingereza. Wakakusanya masanduku machache, wakaondoka kwenda Uingereza. Freddie alikuwa na miaka kumi na saba. Mara hii hakupelekwa na wazazi. Alifukuzwa pamoja nao.

Feltham, chini ya ndege za Heathrow

Mwaka huo huo familia ikapata nyumba ndogo Feltham, kitongoji cha magharibi ya London. Nambari 22, Gladstone Avenue. Ndege za Heathrow zinapita juu ya paa. Baridi, giza la saa kumi jioni, na majirani wasiojua Unguja iko bara gani. Bomi, aliyekuwa mtu wa Mahakama Kuu, akapata kazi ya hesabu katika kampuni ya vyakula. Jer, ambaye nyumbani alikuwa na watumishi, akaenda kufanya kazi dukani. Waliokwenda London, Cairo au Dubai ya zama zile bila ya kitu watayajua haya bila ya kuelezwa.

Wazazi walitaka mtoto asome jambo la maana: sheria, au hesabu. Yeye akataka sanaa. Kwanza akasoma chuo cha Isleworth, karibu na nyumbani, ambako pia aliigiza na kuimba kwaya. Mwaka 1966 akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akasoma usanifu wa michoro, akahitimu 1969. Likizoni alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow.

Zingatia kuwa hii ilikuwa mara ya nne kwake kuingia skuli ambayo hajui mtu. Sasa alikuwa amekwisha kujifunza. Mtoto wa dakhalia anajua kuwa marafiki hawaji wenyewe; unawaendea. Huko Ealing akafanya urafiki na Tim Staffell, aliyekuwa katika bendi ndogo ya wanafunzi. Kwa njia ya Staffell akawajua wenzake wawili: Brian May, mpiga gita aliyekuwa akisomea fizikia, na mpiga ngoma Roger Taylor. Freddie na Roger wakafungua kibanda cha nguo kuukuu katika soko la Kensington. Mwaka 1970 Staffell alipojitoa, Freddie akaingia mahali pake. Jina la Queen akalitoa yeye. Jina la Mercury akajipa mwenyewe. Hata nembo ya bendi aliichora kwa mkono wake, akatia ndani yake nyota ya kuzaliwa ya kila mmoja wao. Mwaka 1971 akaongezeka John Deacon, na wanne hao hawakuachana tena mpaka mauti, miaka ishirini.

Alichobeba na alichonyamazia

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1975 ulitoka wimbo wa Bohemian Rhapsody, ambao ndani yake mna neno lile tunaloanzia chakula na safari, na kila Muunguja anayelisikia mara ya kwanza hushtuka. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia, alisimama Wembley mbele ya watu zaidi ya 70,000.

Lakini kuhusu Unguja alisema kidogo sana. Mashabiki wengi walijua alivyovaa jukwaani kuliko walivyojua kwao. Wengine wamelaumu kuwa aliona haya asili yake. Huenda. Ila sisi tuna wazee wetu humu majumbani ambao miaka sitini sasa ukiwauliza habari ya siku ile wanageuza mazungumzo, wanauliza chai iko wapi. Hatusemi kuwa wanaona haya.

Na kuna yale ambayo hakuyaacha. Hakuacha kwenda Feltham kuwaangalia wazazi wake na kula chakula cha mama. Hakuacha kukusanya: baada ya stempu zikaja picha za kuchapwa za Kijapani, vyombo, samaki wa bwawani, paka. Alikufa nyumbani kwake Kensington tarehe 24 Novemba 1991, kwa maradhi yaliyoletwa na ukimwi, akiwa na miaka 45. Siku moja tu kabla ndipo alipoitangazia dunia. Mazishi yake yalisomwa na makasisi wa dini ya wazazi wake, kwa lugha ya kale ya Uajemi, katikati ya London.

Baba yake, yule aliyemfundisha kukata kona ya bahasha, ndiye aliyeiuza albamu ya stempu mwaka 1993, kwa ajili ya mfuko wa kusaidia wagonjwa wa ukimwi. Shirika la posta la Uingereza likainunua. Mwaka 1999 shirika hilo hilo likatoa stempu yenye picha ya mwenye albamu. Bomi alikuwa hai, akaiona, alifariki 2003. Mama, Jer, aliishi mpaka 2016, mwaka ambao nyumba ya Gladstone Avenue ilitundikwa kibao cha buluu cha kumbukumbu, na aliyekifunua ni Kashmira, yule dada aliyekuja naye.

Wengi wetu tunawahamisha watoto leo: kutoka Maskati kwenda Abu Dhabi, kutoka Dubai kwenda London, mwaka huu skuli hii, mwakani nyingine. Tunahisabu ada, viza na alama. Mtoto naye ana hesabu zake: rafiki mmoja wa dawati, mpira, kijisanduku cha vitu ambavyo kwetu ni takataka. Mkifunga mizigo, kijisanduku hicho kitafutieni nafasi.