Kuuawa kwa Sayyidna Umar na Damu ya Hurmuzani

Jua ewe ndugu msomaji ya kuwa habari za Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ni nyingi kuliko kurasa za kijitabu hiki. Alisilimu Makka kabla ya Hijra, akashika ukhalifa mwaka 13 (634), akakaa nao miaka kumi na kitu. Katika siku zake zilifunguliwa Sham, Iraki na Misri, na ikaanza kuhesabiwa tarehe ya Hijra. Hayo wengi wameyaandika. Sisi hapa twataka kutazama kuuawa kwake, na khasa maneno ya walioona, kwani kwa ajili ya maneno hayo ilimwagika damu nyingine pasipo hukumu ya kadhi.

Aliyempiga hakukhitilafiwa. Ni Abu Lulua, mtumwa wa al-Mughira bin Shuba, fundi wa useremala na uhunzi. Bwana wake alimtoza kodi ya kila siku, naye akaenda kwa Khalifa kushitaki kuwa ni nzito. Akajibiwa kuwa si nyingi kwa mtu mwenye kazi kama zake, akaondoka na chuki. Hata mwisho wa Dhulhija mwaka 23 (Novemba 644), wakati wa sala ya alfajiri, akamchoma ndani ya msikiti wa Madina kwa khanjari yenye ncha mbili, mpini wake uko katikati.

Amr bin Maymun alikuwako safuni, hapana baina yake na Sayyidna Umar ila Ibn Abbas, na habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari. Humo alisimulia kuwa Khalifa alichomwa baada ya kupiga takbira. Na katika riwaya nyingine ya huyo huyo Amr, alichomwa kabla, safu zikali zikitengenezwa. Wako waliohesabu majeraha matatu na wako waliohesabu sita. Kodi ya yule mtumwa wengine wamesema dirhamu mbili, wengine nne. Na dini yake wengine wamesema Majusi, wengine Mnasara. Khitilafu hizi hazidhuru asili ya jambo. Ulikuwa wakati wa giza, na waliokuwa pembeni mwa msikiti hawakujua lolote ila walipoikosa sauti ya imamu wao, wakawa wanasabihi. Wote wamewafikiana juu ya mkono uliochoma na mahali palipochomwa, na Abu Lulua mwenyewe, alipofunikwa nguo akajua amekamatika, alijiua pale pale.

Shaka iko katika ushahidi wa pili. Said bin al-Musayyib amepokea kuwa Abdurrahmani bin Abi Bakri alisema ya kwamba aliwapitia Abu Lulua, Hurmuzani na Jufayna wakinong'onezana. Alipowatokea wakainuka kwa fazaa, ikawaanguka khanjari yenye ncha mbili. Riwaya ya pili yasema aliyeona ni Abdurrahmani bin Auf, naye aliikuta khanjari kwa Hurmuzani na Jufayna, akawauliza ni ya nini, wakamjibu ni ya kukatia nyama. Ya tatu, ambayo Tabari ameitoa kwa Sayf bin Umar, yasema Abu Lulua alipita kwa Hurmuzani na khanjari yake, Hurmuzani akaishika na kumuuliza aifanyia nini katika nchi hii, na mtu mmoja akawaona.

Angalia basi. Katika riwaya ya kwanza wako watatu na siri. Katika ya pili Abu Lulua hayuko kabisa, wala hapana kunong'ona. Katika ya tatu Jufayna hatajwi, na mwenye khanjari ni muuaji mwenyewe, na Hurmuzani ni mtu aliyeuliza swali. Said bin al-Musayyib siku ile alikuwa mtoto wa miaka minane au karibu yake, basi aliyapokea maneno hayo baadaye. Na Waajemi waliokuwa ugenini Madina walikuwa wakitembeleana, kama wafanyavyo wageni wote wa lugha moja. Linalothibiti katika yote matatu ni kuwa khanjari ile ilionekana kwa Hurmuzani.

Ubaydullahi bin Umar hakungoja kupima. Alichukua upanga akamuua Hurmuzani, ambaye imepokewa kuwa alitamka shahada alipopigwa. Akamuua Jufayna, Mnasara wa Hira aliyekuwa akifundisha watu kuandika. Akamuua na binti mdogo wa Abu Lulua, ambaye hapana shahidi hata mmoja aliyemtaja.

Mwanafunzi aliyesoma mlango wa damu katika Minhaji ya Imamu Nawawi ajua kuwa shahidi mmoja mwadilifu ni luthi, yaani dalili ya kuwapa wenye damu haki ya kuapa yamini hamsini; na kwa kauli mpya ya Imamu Shafi yamini hizo huleta dia, hazileti kisasi. Na hiyo ni kwa shahidi wa kuua. Huyu aliona chuma mikononi mwa watu. Hakuona mtu akiuawa. Tena aliyemshika mtu, mwingine akamuua, kisasi ni juu ya muuaji peke yake. Sembuse aliyeonekana na kisu jana yake.

Na Sayyidna Umar mwenyewe alikwisha onyesha njia, tena kwa Hurmuzani huyu huyu. Alipotekwa Tustar akaletwa Madina, Khalifa alimwambia aseme bila ya khofu. Kisha alipotaka kumuua, Anas bin Malik akamkumbusha kuwa neno lile ni amani. Imamu Shafi amepokea kuwa Sayyidna Umar hakutosheka na Anas peke yake. Alimtaka alete shahidi wa pili au aadhibiwe, hata akaja Zubayr bin al-Awwam akashuhudia. Hapo Hurmuzani akaachwa, akasilimu, akapewa mshahara. Na Bayhaqi amepokea kuwa Khalifa alipoambiwa, naye yu katika majeraha yake, kitendo cha mwanawe, aliamrisha atakwe ushahidi juu ya Hurmuzani. Akiuleta, damu kwa damu, na asipouleta, atolewe kisasi.

Jambo hilo lilimwangukia Sayyidna Uthman. Sayyidna Ali aliona kisasi. Wengine waliona vibaya baba kuuawa jana na mwana leo. Sayf asema mtoto wa Hurmuzani alikabidhiwa Ubaydullahi, akasamehe. Wengine wamepokea kuwa Sayyidna Uthman alijifanya walii wa wasio na walii, akalipa dia kwa mali yake. Na hili Ibn al-Athir ameliona sahihi zaidi, nasi twaona hivyo, kwani kama mwenye damu angalisamehe, Sayyidna Ali asingalimtafuta Ubaydullahi aliposhika ukhalifa. Naye alimtafuta. Ubaydullahi akakimbilia Sham kwa Muawiya, akauawa katika vita vya Siffin mwaka 37 (657).