Chigorin: farasi mbele ya askari

Huku kwetu Goma, na mu machimbo pia, dama tunaijua: ubao na vifuniko vya chupa, basi. Leo tunaongea juu ya jirani yake, sataranji, ule mchezo wenye Kifaransa wanaita échecs, na juu ya Mrusi mmoja, Mikhail Chigorin.

Alizaliwa mwaka 1850 kule Gatchina. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha baruti. Wazazi walikufa mapema, na mtoto akaingia nyumba ya mayatima akiwa na miaka 10. Mwalimu wake wa masomo njo alimufundisha sataranji, kijana akiwa na miaka 16. Kwa bingwa, ile ni kuchelewa kabisa.

Sasa tuangalie kazi yake. Kuna mtego wa zamani, gambiti ya malkia. Mwenye vipande vyeupe anasogeza askari wa malkia nafasi mbili, mwenye vyeusi anajibu vilevile. Halafu yule wa kwanza anaweka askari wa pili kando, sawa vile anamutoa bure. Ukimula, askari wako anaacha katikati ya ubao, na mwenzako anatawala pale. Kwa hiyo wengi walikuwa wanategemeza askari wao na askari mwingine, vile sisi tunategemeza shimo na miti.

Chigorin, hapana. Alitoa farasi, akamuweka mbele ya askari wake mwenyewe na kumufungia njia. Wakubwa wa wakati ule hawakuipenda. Lakini yeye alitaka vita ianze mara moja pale katikati. Tena alikubali kupoteza askofu ili ale farasi wa adui, juu aliamini farasi wawili wanaweza kushinda maaskofu wawili.

Ubingwa wa dunia ulimukimbia. Mu 1889, kule Havana, Steinitz alimushinda. Kisha wakacheza michezo miwili kwa telegrafu, Chigorin akashinda yote. Mu 1892 wakarudi Havana. Mchezo wa 23, ushindi ulikuwa mkononi. Angeupata, wangekuwa 9 kwa 9. Akaondoa askofu aliyekuwa analinda mlango wa mfalme. Hatua mbili tu, mfalme angefungwa. Steinitz 10, Chigorin 8. Hata leo mtu akipanga vile vipande upya, roho inauma.

Wengine wangeacha. Yeye, mu 1895, kule Hastings, Uingereza, alikutana na Emanuel Lasker, bingwa mpya wa dunia. Akamutolea lile jibu lake la farasi. Lasker akabaki na maaskofu wawili, Chigorin na farasi wawili, na farasi wakashinda. Kati ya wachezaji 22 alimaliza wa pili, nusu pointi tu nyuma ya Pillsbury wa Marekani.

Mu 1907 ugonjwa wa sukari ulikuwa umemumaliza. Alirudi Lublin kwa bibi yake na binti yake, waliokuwa wameachana naye, akafia pale mwezi wa kwanza 1908. Jibu lake liko na jina lake mpaka sasa. Miaka ya 1990 Mrusi mwingine, Alexander Morozevich, alilicheza tena mbele ya wakubwa wa dunia.