Maisha ya John Stuart Mill, Aliyetaka Wenye Elimu Wapewe Kura Nyingi

John Stuart Mill alizaliwa London tarehe 20 Mei 1806. Babu yake alikuwa fundi viatu huko Scotland, lakini baba yake, James Mill, alipata elimu akawa mwandishi wa vitabu. Baba huyo hakumpeleka mwanawe shuleni, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani. Mtoto alianza Kigiriki akiwa na miaka 3 na Kilatini akiwa na miaka 8, na yale aliyojifunza ilimpasa kuwafundisha wadogo zake. Mnamo 1826, alipokuwa na umri wa miaka 20, moyo wake ulilemewa na huzuni kubwa kwa miezi mingi. Hapo akatambua kwamba akili peke yake haimtoshi mwanadamu.

Mwaka 1823 alikuwa ameingia kazi katika Kampuni ya India ya Mashariki, ambayo siku zile iliitawala India. Alidumu katika kazi hiyo miaka 35, mpaka 1858, akiandika barua za kuagiza mambo ya nchi ile kubwa, wala hakuikanyaga hata mara moja. Aliamini kwamba watu wa India hawajawa tayari kujitawala.

Mwaka 1861 alitoa kitabu juu ya serikali ya wawakilishi. Wakati huo wafanyakazi wengi wa Uingereza hawakuwa na kura, na wanawake hawakuwa nayo kabisa. Mill alisema kwamba asiye na sauti katika Bunge husahauliwa. Kwa hiyo watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wapige kura. Lakini aliweka masharti. Mpiga kura ajue kusoma, kuandika na kufanya hesabu kidogo, awe analipa kodi, tena asiwe anaishi kwa msaada wa serikali. Zaidi ya hayo, mwenye elimu apewe kura mbili au zaidi. Utajiri hakuukubali kuwa kipimo, na maskini aliyeshinda mtihani angepata kura za ziada kama mwingine. Hofu yake ilikuwa kwamba wafanyakazi, kwa kuwa ni wengi, wangetunga sheria za kujifaidi wenyewe bila maarifa.

Mwaka 1865 aliombwa kusimama katika uchaguzi wa Westminster. Alikataa kutumia fedha zake kutafuta kura. Katika mkutano mmoja wafanyakazi walimwuliza kama ni kweli aliandika kwamba watu wa tabaka lao husema uongo mara nyingi. Alijibu bila kusita kwamba aliandika. Badala ya kumzomea, wakamshangilia, kwa kuwa walikuwa wamechoka na watu wa kuwasifu uso kwa uso. Basi akachaguliwa. Nadhani watu wale walionyesha siku hiyo kwamba busara ya kumtambua mtu mkweli haipatikani kwa cheti.

Katika Bunge alifanya mambo ya kukumbukwa. Baada ya maasi ya Jamaica ya 1865, ambako watu weusi zaidi ya 400 waliuawa, aliongoza kamati iliyotaka gavana Eyre ashtakiwe, ijapokuwa haikufaulu. Mwaka 1867 aliomba wanawake wapewe kura. Wabunge 73 wakamwunga mkono, na 196 wakakataa. Mwaka 1868 alishindwa katika uchaguzi, akarudi kwenye vitabu vyake. Alikufa Avignon, Ufaransa, mwezi wa Mei 1873, akazikwa huko karibu na mkewe Harriet.

Fikira ya kupima kura kwa elimu haikufa pamoja naye. Ubelgiji ilianza mwaka 1893 kuwapa wanaume wenye mali au shahada kura mbili au tatu, ikaacha mwaka 1919. Katika nchi jirani ya Kenya, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1957 kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu alipata kura moja, mbili au tatu kwa kuhesabiwa elimu, mapato na utumishi wake. Wazungu wa Kenya hawakupimwa hivyo. Hapo ndipo ubaya wa kipimo unapoonekana: anayekishika hajipimi mwenyewe. Katika uchaguzi wa Mei 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura moja tu.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la kale. Sisi wa sekondari ndio ambao kipimo cha Mill kingetupendelea. Mwanafunzi wa kidato cha sita huenda angepata kura mbili, na mama aliyeuza ndizi ili amlipie karo angekosa hata moja kwa kuwa hajui kusoma. Je, ni nani kati yao anayeijua zaidi bei ya chumvi, ubovu wa barabara na zahanati isiyo na dawa? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mill mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alikosea juu ya Wahindi, ambao kitanda chao hakukilalia.

Tena tutazame mambo yalivyofuatana huko kwao. Wafanyakazi wengi wa mijini walipata kura mwaka 1867. Sheria ya kufungua shule za msingi kwa watoto wa Uingereza ikapitishwa mwaka 1870. Kura ilitangulia, shule ikafuata. Angesubiriwa kila mtu aelimike kwanza, nani angeharakisha kumjengea shule mtu asiyeweza kumwondoa mbunge?

Mill alikuwa mtu mwema na shujaa, na katika haki za wanawake aliona mbali kuliko wenzake. Tumheshimu kwa hayo. Lakini elimu tuliyopewa ni deni kwa wale ambao hawakuipata, nasi tutalilipa kwa kuwaeleza mambo kwa uaminifu kabla ya uchaguzi, kisha tusimame nao katika foleni moja, kila mtu na kura yake moja.