Taro Okamoto: Mchoro wake ulipotea miaka 30, leo uko stesheni

Ukipita stesheni ya Shibuya, Tokyo, ukienda kubadili treni, inua macho. Ukutani kuna mchoro wenye urefu wa mita 30: mifupa ya binadamu inawaka moto, bomu la atomiki limelipuka. Wengi wanapita mbio, simu mkononi. Aliyeuchora, Taro Okamoto, hakuwahi kuuona pale.

Okamoto alizaliwa 1911 Kawasaki, jirani na Tokyo. Baba mchora katuni, mama mshairi. Akiwa na miaka 18 alifika Paris, akakaa miaka kumi. Wajerumani walipoikaribia Paris 1940, akarudi Japani. Huko nako akaingizwa jeshini, akapelekwa China. Anarudi 1946, nyumba imeungua kwa mabomu, na picha alizotoka nazo Paris zimekuwa majivu.

Hakupenda kuuza picha zake. Alitaka kazi ikae pale watu wanapopita, si sebuleni kwa tajiri mmoja.

Kazi iliyompa jina ni Mnara wa Jua, wa maonyesho ya dunia ya Osaka 1970. Mita 70, nyuso tatu! Msanifu Kenzo Tange alishabuni paa kubwa la uwanja ule, lakini mnara ulikuwa mrefu kuliko paa. Basi paa likatobolewa. Baada ya maonyesho ulikuwa ubomolewe, watu wakapinga, na mwaka 1975 ikaamuliwa ubaki. Upo hadi leo.

Kumbe siku hizohizo alikuwa akienda na kurudi Mexico, akichora ule mchoro wa bomu kwa ajili ya hoteli mpya. Hela zikamwishia mwenye hoteli, jengo halikumalizika. Mchoro ukang'olewa, ukahamishwa huku na huku, mwisho hakuna aliyejua ulipo.

Okamoto akafariki Januari 1996, miaka 84, bado haujaonekana.

Mwaka 2003 Toshiko, aliyefanya naye kazi miaka mingi na kuwa binti yake wa kumlea kisheria, aliukuta kwenye ghala la vifaa nje ya Mexico City, umepasuka vibaya. Ukasafirishwa vipandevipande hadi Japani. Toshiko naye akafariki 2005, mafundi hawajamaliza kuuunga.

Ulifunguliwa Shibuya Novemba 2008. Kuuona hakuna kiingilio.