Owen, Shamba na Haki

Kila nionapo osuga, apoth na kunde katika soko la Kondele, humkumbuka mmisionari Walter Owen. Mwaka 1921 vijana wa Nyanza, wakiongozwa na walimu waliosomea Maseno kama Jonathan Okwiri, walianzisha chama kupinga kodi na kipande. Mwaka 1923 Owen alikigeuza chama cha ustawi, akihimiza wanachama kupanda miti, kuchimba vyoo na kuboresha kilimo. Wapo waliomlaumu kwa kuipoza siasa, ingawa mwenyewe hakuacha kuikosoa serikali kuhusu kazi za kushurutishwa. Alifariki mwaka 1945. Naamini shamba la mazao mchanganyiko huiokoa nyumba zao moja likishindwa, lakini halichukui nafasi ya haki. Walimu wenzangu, tufundishe yote mawili.