Tippu Tip na Mlio wa Gobori

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi na wenzangu katika mkahawa mmoja wa Eastleigh, hapa Nairobi, tukinywa chai ya maziwa iliyokolea iliki. Miongoni mwetu alikuwamo kijana aliyekuja kuwaamkia wazee wake kutoka Minnesota, Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa Kisomali wamehamia. Kijana huyo akatupa habari iliyotushangaza. Kule, asema, kila mwaka hutengwa siku maalumu za kuwinda kulungu kwa gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Watu wenye uwezo wa kununua bunduki mpya kabisa huhangaika madukani kuuliza gobori lipi halitamlipukia mtu usoni, na lipi halitanyamaza kimya wakati mnyama amesimama mbele yake.

Wengine tukacheka. Nchini Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na gobori kwetu ni chombo cha kutazamwa katika jumba la makumbusho. Lakini palikuwapo mzee mmoja wa Lamu ambaye hakucheka. Alitukumbusha kwamba swali hilo la vijana wa Minnesota ndilo lililowanyima usingizi babu zetu waliovuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo na kushika njia ya bara, na kwamba mmoja wao alibandikwa jina kwa ule mlio wa bunduki zake. Nikamwahidi mzee kwamba nitaandika habari za mtu huyo.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Unguja yapata 1837, katika ukoo wa wafanyaji biashara wenye asili ya Oman upande mmoja na ya huku kwetu upande wa pili. Alianza safari akiwa bado mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, akinunua sandarusi. Alipotimia miaka kumi na minane alimfuata baba yake hadi Unyamwezi, na tangu hapo bara ikawa ndiyo nyumba yake. Mali ya kuanzia aliikopa Unguja, na kwa miaka mingi mdhamini wake mkubwa alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Kilichotafutwa kilikuwa pembe za ndovu, na ndovu haangushwi kwa maneno matamu.

Jina la Tippu Tip lina hadithi mbili. Wako wasemao kwamba alikuwa na ugonjwa wa kupepesa macho, na watu wa bara wakamfananisha na ndege. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba ni sauti ya bunduki zake, tip tip, ilivyosikika masikioni mwa waliokuwa wakikimbia. Mimi naelekea kumsadiki yeye, ingawa najua kwamba mtu akichaguliwa majina mawili atalipenda lile lenye kumtukuza.

Hebu sasa tulitazame gobori lenyewe, maana vijana wetu wameona bunduki za sinema tu. Mpigaji hupima baruti na kuimimina katika mtutu, akaishindilia kwa mdeki pamoja na kitambaa au makumbi, kisha akatia risasi au marisau, akashindilia tena. Nyuma, chini ya nyundo, huweka fataki. Na katika bunduki za zamani zaidi, zile za gumegume, ni jiwe lenye kutoa cheche. Mtu hodari sana aweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Mwenye mikono ya kutetemeka hapigi hata mara moja. Baruti ikipata unyevu, na misitu ya Kongo ni unyevu mtupu, bunduki hugeuka rungu. Mtutu ukiwa na ufa, au ukishindiliwa mara mbili kwa kusahau, anayeumia ni mwenye kuushika. Mwingereza Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917, aliwinda ndovu ujanani mwake kwa magobori yenye risasi ya uzito wa robo ratili. Siku moja gobori lake lilikataa kulia, mbeba bunduki wake akalishindilia tena juu ya ile baruti ya kwanza, na lilipokubali kulia lilimrusha Selous chini na kumpasua shavu.

Na magobori yaliyoletwa Unguja hayakuwa ya kuchagua sana. Tangu miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakigeukia bunduki za kupakiwa kwa nyuma, na yale makuukuu yakatafutiwa soko. Soko likawa ni sisi. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizoingia katika sehemu hizi zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Mwenye msafara ndiye aliyepaswa kupekua rundo, kuchungulia mtutu, kujaribu nyundo, na kutenga zima na bovu. Akikosea, habari yake hairudi pwani.

Tippu Tip hakukosea, na mtu wa kwanza kuyaona matokeo yake alikuwa Nsama, mfalme wa Itabwa, mwaka 1867. Nsama alikuwa ameogopwa kwa muda mrefu, na wafanyaji biashara waliomtangulia Tippu Tip waliponyang'anywa mali. Wazee walimwonya asiende. Akaenda, akakaribishwa kwa ahadi ya kuonyeshwa pembe, kisha akamiminiwa mishale iliyompata yeye mwenyewe mwilini. Watu wake walikuwa wachache, lakini bunduki zao zilikuwa tayari zimeshindiliwa risasi na marisau pamoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, mlio wa kwanza tu uliua watu mia mbili hivi, na wengine wakakanyagana. Pembe alizochukua hapo zilipita frasila 1,900. Mwezi Julai mwaka huo huo David Livingstone alikutana naye, naye Tippu Tip akamsaidia mzungu yule mgonjwa kwa chakula na njia.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo wengi wetu wa pwani hupenda kulipita kwa haraka. Gobori lililomwangusha ndovu ndilo lililowafunga watu minyororo kuibeba pembe yake. Vijiji vya Umanyema vilichomwa, na wazao wa waliotolewa huko wako hadi leo Mombasa na Dar es Salaam, waswalihina kama sisi, wakiitwa Wamanyema. Tumesoma chuoni kwamba kumwacha mtu huru ni ibada kubwa. Hatukusoma popote kwamba kuvamia kijiji kilicholala ni biashara halali. Kwamba Tippu Tip alikuwa mtu wa sala, mkarimu na mwenye adabu, jambo ambalo hata wazungu waliomchukia walilikiri, halifuti hata nyumba moja iliyochomwa.

Haki ni kusema pia kwamba bunduki haikuwa silaha yake pekee. Utetera aliupata kwa ulimi. Alisikia kwamba mfalme wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa na dada aliyetekwa zamani akapotea, basi akajidai kuwa ni mjukuu wa bibi huyo. Mzee akafurahi, akamkabidhi nchi. Hakuna baruti iliyochomwa.

Mwaka 1876 akaja Henry Stanley, akitaka kusindikizwa kuufuata mto asioujua unakotoka wala unakokwenda. Stanley akamwonyesha bunduki akidai kwamba hutoa risasi kumi na tano kwa mtutu mmoja. Tippu Tip aliitazama, akaona mtutu, na chini yake akaona bomba la pili, akadhani ni mdeki. Angedhani nini kingine? Jicho lililolelewa na gobori likiona kitu cha duara chini ya mtutu hujua ni mdeki. Akaona mgeni anamdanganya. Naye, kwa ustadi wa mtu wa pwani, akamjibu kwa uongo wa kiasi hicho hicho: akamweleza kwamba huko Lomami uko upinde unaorusha mishale ishirini kwa mpigo mmoja, na kila mshale huua mtu. Stanley akaondoka kimya, akatoka uani, akapiga risasi kumi na mbili mfululizo, kisha akachukua bastola akapiga sita. Waliokuwapo wakapigwa na bumbuazi. Tippu Tip hakuona haya. Akamwomba amfundishe jinsi ya kuipakia.

Mimi nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara naona kwamba hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, ingawa yeye aliiandika kama mzaha. Aliyejua gobori kuliko wote bara nzima aliona kwa macho yake kwamba gobori limekwisha.

Februari 1887 Stanley alirudi Unguja, safari hii kwa mkataba. Tippu Tip akawa wali wa maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na akaahidi kutoa wapagazi 600 wenye magobori kwa ajili ya kumwokoa Emin Pasha. Stanley kwa upande wake atoe baruti na fataki. Wakapanda meli Madura pamoja, wakaizunguka Afrika yote ya kusini hadi mdomo wa mto Kongo. Walipofika juu ya mto, baruti aliyoahidiwa Tippu Tip haikuwapo. Magobori yapo, wenye magobori wapo, baruti hakuna. Wapagazi walichelewa zaidi ya mwaka, na waliokuja Juni 1888 hawakufikia idadi ile. Meja Barttelot, aliyeachwa nyuma akiwangoja, aliuawa Julai 1888 kwa risasi ya mmoja katika watu hao. Stanley akamlaumu Tippu Tip, akafungua hata kesi Unguja akidai pauni 10,000, kisha kesi ikafa. Nani alivunja mkataba kwanza? Mimi nasema aliyemwajiri mwenye gobori akamnyima baruti hana haki ya kulalamika kwamba bunduki haikulia.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakapatana kwamba bunduki za kisasa zisiuzwe tena katika sehemu kubwa ya Afrika. Yale ya gumegume, yasiyo na mitaro ndani ya mtutu, pamoja na baruti hafifu ya biashara, yaliruhusiwa kwa masharti. Hoja ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, na hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini ndani yake pia mlikuwa na hesabu nyingine, kwani waliotia sahihi hawakuzitupa bunduki zao wenyewe.

Tippu Tip aliondoka Kongo akafika pwani 1891, hakurudi tena. Mwanawe Sefu alibaki. Vita vilipowaka 1892 kati ya Waarabu wa bara na askari wa Leopold, Sefu alikuwa na watu wengi kuliko adui yake, na magobori mengi, dhidi ya bunduki za kupakiwa nyuma. Aliuawa 1893. Baba yake alizipata habari hizo akiwa Unguja, mtu mzima mwenye mashamba, amekaa barazani.

Huko Unguja ndiko alikoandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa sisi chuoni. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kwa herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin 1902 na 1903. Ni mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya mtu kujieleza mwenyewe katika lugha yetu, na hakuna Mswahili anayependa nathari anayepaswa kukikosa, hata kama atakasirika katika kila ukurasa. Alifariki Unguja, Juni 1905. Nyumba yake ingali Shangani.

Kijana wetu amekwisha rudi Minnesota. Nilipomsimulia habari ya Stanley na lile bomba alicheka sana, kisha akaniambia kwamba magobori mapya yanayouzwa huko, pamoja na ufundi wake wote, bado huwa na mdeki chini ya mtutu.