Walter Rodney na historia ya uchumi Mlimani
Mwaka 1966 mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita, uliofunguliwa miaka ya 1930, ulifungwa. Mwaka huohuo aliwasili Chuo Kikuu, Dar es Salaam, msomi wa Guyana mwenye umri wa miaka 24, Dk. Walter Rodney.

Idara ya Historia, chini ya Profesa Terence Ranger, ilikuwa imejikita katika upinzani wa Waafrika dhidi ya wakoloni. Rodney, hasa aliporejea mwaka 1969 baada ya kupigwa marufuku Jamaica, alikuwa miongoni mwa walioivuta kwenye swali gumu zaidi: nani alivuja jasho, na faida ilikwenda wapi? Kwa nchi iliyouza nje pamba ya Shinyanga na almasi ya Mwadui, swali hilo halikuishia darasani. Jibu lake, kwamba Ulaya ndiyo iliyoidumaza Afrika, alilitoa katika kitabu kilichochapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972. Wapo waliodai kuwa kitabu kiliwasamehe mno watawala wa Kiafrika, na hoja hiyo si nyepesi. Hata hivyo, kiliendelea kusomwa.

Aliondoka mwaka 1974 kwenda kuwa profesa nyumbani, serikali ikamnyima kazi hiyo. Aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, Juni 13, 1980, akiwa na miaka 38.